Vipele Viwili, Vipele Sita

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo wewe? Wifi na watoto hawajambo? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini nguvu za kunigombeza anazo zote, kwa hiyo usihofu.

Naandika kwa sababu simu tumeshaijaribu. Dakika ya kwanza tunasalimiana, ya pili tunagombana, ya tatu mmoja anakata. Barua angalau utaisoma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Shida ni miche. Kazi aliyotuachia Baba unaijua: shina la pasheni mwitu, lile lisilooza mizizi, tunalibebesha pasheni tamu juu yake, mtu anapanda, anavuna miaka. Tangu Baba afariki, mwaka wa tatu huu, nimeuza miche kwa karibu nusu ya watu wa hapa. Sasa inakufa. Inashika vizuri, inapanda uzio, inatoa maua, halafu pale kwenye kiungo panavimba kama goti la mgonjwa, na wiki moja baadaye mmea mzima umekauka. Kwa mwalimu mstaafu imekufa kumi na minne kati ya ishirini. Mama wa genge la matunda amebakiwa na mitatu, na kila nikipita ananionyesha kwa kidole bila kusema neno. Heri angenitukana.

Baba alikuwa akikata vipando kwenye ile mipasheni mwitu minne ya ukuta wa kitalu. Wateja walipozidi, ukuta haukutosha, nikaanza kukata na kule korongoni. Kwa macho yangu ni mmea uleule: jani la vidole vitatu, ua jeupe, na yale masikio mawili ya kijani yanayolikumbatia shina. Nimeyaweka majani sambamba mezani, nimevaa miwani ya Mama, sioni tofauti. Lakini kuna mmoja kati yao anaua, na kwenye viriba mia tatu vya kitaluni wamo wote wawili, wamechanganyika.

Wewe Bwana Majani umelisomea jambo hili. Nimekuwekea majani kumi humu ndani. Niambie yupi ni yupi. Mwisho wa mwezi kuna mkutano wa wakulima, na Mwenyekiti ameshasema anataka maelezo.

Ni mimi,
Dada yako


20 Februari

Kwako Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, namshukuru Mungu. Wifi yako anakusalimu, watoto wako shuleni.

Majani yamefika. Nitasema ukweli, usikasirike: hayana kazi. Umeyachuma kama mtu anayechuma mboga. Yote kumi umeyakata pale jani linapoanzia na kikonyo ukakitupa, na kikonyo ndicho nilichokuwa nakihitaji.

Elewa, Dada. Hawa ndugu wa pasheni wamenitoa jasho miaka kumi na moja. Hapa chumbani nina makabati sita ya mimea iliyokaushwa, na kabati zima ni la hao tu. Wanafanana kama watoto wa tumbo moja, na jani ndilo linalodanganya kuliko yote. Mmea mmoja utakuta jani la vidole vitatu chini na la kidole kimoja juu. Ukifuata umbo la jani utapotea, na wengi wamepotea, hata walioandika vitabu.

Tazama hivi. Kwanza kikonyo, ule mguu wa jani. Juu yake kuna vipele vidogo vinavyotoa utomvu mtamu, wadudu chungu huvifuata. Hesabu ni vingapi. Tazama viko wapi, katikati au karibu na jani, na kama vimekaa tu au vimesimama juu ya kijiti. Pili, yale masikio: ncha yake ni ya mviringo au imechongoka? Tatu, ua. Chini yake kuna vijani vitatu, vipime. Kisha lipasue katikati kwa wembe, uone zile nyuzi zimepangwa safu ngapi.

Nitumie kipande cha shina chenye jani zima na kikonyo chake, masikio yake, mkono wake wa kushikia, na ua. Kikaushe katikati ya magazeti, juu weka tofali, magazeti ubadilishe kila siku. Vya ukutani peke yake, na vya mmea uliokufa peke yake, vile vinavyochipua chini ya kiungo. Usichanganye.

Baba alikuwa akinicheka, eti mtu mzima anahesabu vipele vya majani. Basi ndiyo kazi yenyewe.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo. Sisi hatujambo, na Mama, ambaye hukumuuliza, kifua kimetulia.

Mkutano umepita. Nilisimama mbele ya watu arobaini bila jibu, kwa sababu jibu langu lilikuwa limetupwa pamoja na vikonyo. Mwenyekiti akaniuliza, "Wewe ulituuzia nini?" Nikasema pasheni. Akasema, "Pasheni tunaijua. Tunauliza chini yake uliweka nini." Nikasema ndugu yangu anachunguza. Mtu wa nyuma akadakia, "Huyo ndugu yako anachunguza, sisi tung'oe uzio?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, ungefanya nini.

Uliposema majani yangu ni ya mboga nilitaka kuichana barua. Wewe unakaa kwenye kiti, mbele yako jani limelala kimya. Mimi jani langu liko juu ya uzio wa mtu aliyenuna, naomba ruhusa ya kuingia, naambiwa, "Umekuja kuua na iliyobaki?"

Haya, nimefanya ulivyotaka. Wiki nzima meza ya kulia imekuwa ya magazeti na matofali, Mama anakula kwenye kigoda. Gazeti la kwanza, nimeandika 1, ni la ukutani. Gazeti la pili, nimeandika 2, ni machipukizi ya chini ya kiungo, kwenye mmea uliokufa wa mwalimu mstaafu. Vikonyo vipo, masikio yapo. Ua hakuna. Siwezi kuliamrisha lichanue kwa sababu wewe umelihitaji.

Niambie nitunze yupi na ning'oe yupi. Sihitaji historia ya makabati. Mistari miwili inatosha.

Dada yako


2 Aprili

Kwako Dada,

Shikamoo, na shikamoo ya Mama. Poleni kwa mkutano.

Umeomba mistari miwili. Nimeviangalia kwa kioo cha kukuzia na kulinganisha na kabati zima. Ni ndugu wawili tofauti kabisa. Mmoja ana vipele viwili kwenye kikonyo, vimekaa katikati, vimelala. Huyo ni mzuri, mtunze. Mwingine ana vinne, vitano, hata sita, vimesimama juu ya vijiti vidogo, na ncha ya sikio lake imechongoka. Huyo ndiye anayeua. Ng'oa wote, mizizi na yote, uchome, maana hata kipande kidogo huchipua.

Pitia viriba kimoja kimoja. Usiangalie jani, hesabu vipele.

Naandika haraka, mkuu wa idara anataka ripoti ya makabati kabla ya Ijumaa.

Mdogo wako


15 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo wewe na nyumba yako? Sisi tupo.

Barua yako niliisoma nimesimama getini. Nikaenda moja kwa moja ukutani, nikashika jani la kwanza, nikahesabu: vitano. La pili, sita. Nikapanda kwenye ndoo nikahesabu ya juu, nikaenda mmea wa pili, wa tatu, wa nne. Hakuna hata kimoja chenye viwili. Kisha nikashuka korongoni na miguu hii yangu. Kule vyote ni viwili, vimelala, kama ulivyosema.

Kwa hiyo inayoua ni ya Baba. Nimeona ulivyokwepa kuitaja. Umenihurumia, au umemhurumia yeye. Asante, lakini ungesema wazi tu.

Sielewi, mdogo wangu. Miaka yote ile alibebesha juu ya mipasheni hii na hatukusikia mtu analia. Mama anasema labda ilikuwa inakufa na watu wakimstahi Baba hawasemi. Hilo limeniuma kuliko mkutano. Nilidhani nimeiharibu kazi yake, kumbe nimerithi ubovu wake.

Viriba nimeshamaliza. Siku nne nimeinama. Vyenye vipele vingi vilikuwa mia moja na kumi, nimeving'oa na kuvichoma. Vya vipele viwili nimebakiza, na arobaini nimeshawagawia mwalimu na mama wa genge kufidia waliyopoteza. Mwalimu alipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Sasa umejua kosa lako, mtu hukosea." Nilitembea kurudi nyumbani nimenyoosha mgongo.

Ukuta sijaugusa. Una maua sasa, mweupe wote, nyuki wamejaa. Nitausubiri mpaka tarehe thelathini, maua yaishe, kisha nitaukata. Mama hataki kuwepo siku hiyo. Nimekuwekea na ua moja, nimelipasua kwa wembe kama ulivyoagiza. Najua halihitajiki tena.

Dada yako


29 Aprili

Dada,

USIKATE UKUTA.

Barua yako nimeipata leo saa nne asubuhi. Nimekupigia mara tisa. Inaita, hupokei. Nimempigia Mama, simu yake imezimwa. Hii naituma kwa basi la haraka, nimemwomba dereva aiache stendi kwa wakala, lakini najua haitakuwahi.

Sikiliza. Magazeti yako yalifika yamelowa. Wino wa namba ulikuwa umechujuka. Kwenye moja palibaki kama mstari mmoja, nikasema huo ni 1. Nilijua sina uhakika. Kukuuliza tena kungechukua mwezi mwingine, nawe ulikuwa umeshachoka na maswali yangu, na mkuu alikuwa mlangoni. Nikakisia. Nilidhani vile vya vipele viwili ndivyo vya Baba.

Leo umeandika ukuta una vitano na sita. Nikatazama na ua ulilotuma: safu za nyuzi, vijani, vyote ni vya yule wa vipele vingi. Basi magazeti niliyabadilisha. Wa vipele viwili ndiye aliyetoka chini ya mmea uliokufa. Ndiye wa korongoni. Ndiye anayeua. Baba hakukosea.

Sijui nitakuambiaje habari ya viriba. Pokea simu, tafadhali.

Mdogo wako


1 Mei

Nimekata.

Simu niliiona. Nilikuwa juu ya ngazi na mkasi, jana asubuhi. Ilikuwa imeita juzi kutwa nzima nikaiacha, na jana ikaanza tena. Nikaliona jina lako nikasema, huyu anataka kunihutubia namna ya kushika mkasi. Nikaitia mfukoni ikiwa inatetemeka, nikaendelea. Mizizi niliichimba mchana, nikaichoma kama ulivyoagiza.

Barua yako imenifikia leo. Nimemsomea Mama. Ameniuliza kama moto umeshazimika kabisa. Nimeenda kutazama. Umezimika.

Usinipigie.

Dada


12 Mei

Kwako Dada yangu,

Shikamoo. Naomba Mama awe mzima, nawe uwe mzima.

Sina pa kuanzia. Nimeenda kwa mkuu wa idara nikamweleza yote. Alisema, "Kosa la kuandika namba hutokea." Nikamwambia namba iliandikwa vizuri, mimi ndiye niliyeisoma kwa kukisia. Akanitazama kama ninayemharibia siku.

Kila mwaka nawafundisha wanafunzi wanaokuja hapa: kielelezo kisicho na uhakika kinatoka, hakitajwi jina. Nalisema hilo mpaka wananiiga. Nilipofika kwenye ukuta wa Baba, nilikisia. Nimejiuliza kama ingekuwa hivyo kwa mteja nisiyemjua, na jibu silipendi. Kwako nilitaka kuonekana najua.

Nimekuwekea barua nyingine humu ndani, ni ya Mwenyekiti. Nimeeleza kwamba kosa ni langu, jina la kazi yangu nimeliweka na mhuri. Isome mbele ya watu. Ile miche arobaini uliyogawa, tafadhali irudishe kabla haijashika.

Kama bado kuna kitu cha kufanya, niambie nitafanya.

Mdogo wako


20 Juni

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu. Mama alipokea simu Jumapili, akasema unatoka asubuhi kila siku na mkasi na ndoo yenye maji, na kwamba nisimuulize zaidi kwa kuwa hata yeye humwambii. Nimebaki na hilo tu.

Nimepekua kabati lote kutafuta kama kuna mahali pengine mmea wa Baba umewahi kuokotwa. Karatasi moja ipo, ya miaka mingi, mahali palipoandikwa ni siku mbili kwa basi, na sasa ni barabara ya lami. Nilikwenda. Nilitembea kando ya barabara hiyo siku nzima nageuza majani. Viwili, viwili, viwili.

Andika hata kunitukana.

Mdogo wako


3 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo? Wifi hajambo? Wale watoto mwambie wifi awape salamu zangu mmoja mmoja, kwa majina. Mama mzima kabisa. Amerudi kula mezani.

Kukutukana nilikutukana sana mwezi wa tano, hukusikia tu. Nikachoka. Bado nina hasira, usidhani barua hii ni ya kuimaliza. Ikija inakuja nikiwa naosha vyombo, nautazama ule ukuta mtupu, chokaa imebaki na alama za mikono ya mimea kama mtu aliyefuta ubao vibaya. Lakini nina kazi, na kazi haingoji hasira iishe.

Kwanza nilienda kuirudisha ile miche arobaini. Kwa mwalimu mstaafu nilikuta ameshaipanda, ameipangia na kamba. Nikamwambia, "Mwalimu, nimekuja kuing'oa." Akauliza, "Yote?" Nikasema yote. Akauliza, "Ile ya mwanzo ilikuwa kosa, na hii nayo kosa?" Nikasema ndiyo. Aliingia ndani akafunga mlango. Niliing'oa peke yangu, yeye ananitazama dirishani.

Nikiwa nimepiga magoti pale, nikaona pembeni mmea wake mmoja wa zamani, aliouziwa na Baba mwenyewe miaka sita nyuma. Mzima, umenenepa, unazaa. Na chini ya kiungo, karibu na udongo, umetoa chipukizi. Unajua wateja tunawaambia wayakate yale, yanainyonya pasheni. Huyu hakukata. Nikageuza jani. Vipele sita, vimesimama juu ya vijiti vyake.

Nilikaa chini kwenye udongo wa mwalimu nikalia kama mtoto. Akatoka. Akadhani nimeumia. Nilipomwonyesha, alivaa miwani, akahesabu kwa sauti, moja mpaka sita, halafu akaniuliza, "Na mimi nina mingapi ya namna hii?"

Basi tangu siku hiyo ndipo nikawa natoka na ndoo. Nilitafuta daftari la Baba la wateja, waliouziwa kabla hajafariki, nikapita nyumba hadi nyumba. Sikumwambia Mama kwa sababu sikutaka mtu aanze kutumaini mapema. Wengine walinifungulia. Mtu mmoja alinifukuza na jembe. Mama wa genge alisema niingie, lakini akasimama nyuma yangu mikono kiunoni muda wote, na nilipomaliza akasema, "Sasa na kwangu umechukua, utarudisha nini?" Nyumba arobaini na moja. Wengi ni watiifu, wameyakata machipukizi kama walivyofundishwa, na leo utiifu wao umenitia kichaa. Nimepata vipande kumi na saba. Vinane vimeoza. Tisa vimetoa mizizi.

Barua yako ya Mwenyekiti ninayo. Sikuisoma mkutanoni. Usinishukuru, si kwa ajili yako. Ningeisoma, mtu wa nyuma angeuliza, "Na huyo ndugu yako hakukupigia simu?" Ningejibu nini? Walipouliza nani aliniambia niukate ukuta wa Baba, nilisema niliamua mwenyewe. Mwenyekiti amenitoa kwenye orodha ya wauza miche mpaka mwaka ukatike. Amesema hivyo bila kunitazama, na watu safari hii hawakucheka.

Kuna moja nataka ulijue. Juzi mwalimu alikuja kitaluni, akasimama kwenye viriba vile tisa. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuhesabu vipele, maana Baba hakuwahi kumwonyesha mtu. Nikasema mdogo wangu. Akasema, "Kakufundisha vizuri."

Nitabebesha mwezi wa kumi. Kwa tisa sitauza hata mmoja, nitapanda ukutani na kungoja. Kila kimoja nimehesabu vipele vyake mara tatu, kwenye kila jani, mchana, jua likiwa kali. Safari hii sikutumii majani, na sikuombi uhakikishe. Ukitaka kuviona, njia ya nyumbani unaijua.

Dada yako